Vijiti Vinne vya Shemeji

Mguu bado uko pale pale.

Wale mlioshinda wiki nzima mkiuliza kama mguu wa Fundi ulivunjika, pokeeni taarifa rasmi: haukuvunjika. Kilichovunjika ni dari ya kliniki. Mguu wenyewe ulikuwa mzima, umevaa buti, unaning'inia katikati ya ukumbi wa mapokezi mfano wa taa, juu kidogo ya kichwa cha Shemeji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akitamka maneno haya: "Teknolojia safi, isiyo na ujanja wowote."

Shemeji alifuta vumbi la dari begani. Akatazama juu, akalitambua buti.

"Dada," akasema, "mume wako ameingia."

Mkunga Mkuu wa kliniki ile, ambaye kwa bahati mbaya ya pande zote mbili ni mke wa Fundi na pia dada wa Shemeji, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Fundi," akaita, "unashukia mlangoni au hapo hapo?"

"Mlangoni, Mkunga Mkuu," sauti ikajibu kutoka darini, kwa heshima yote ambayo mtu mwenye mguu mmoja hewani anaweza kuikusanya. "Ila msiondoke! Nimemkamata mwizi!"

Wajawazito sita waliokuwa benchini wakisubiri kupimwa walijisogeza karibu. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba mgongo ulikuwa unamuuma.

Sasa, kwa wewe uliyeanza kusoma leo kwa sababu umefungiwa sabuni kwa gazeti hili, mambo yako hivi. Fundi amepanda minara ya Kampuni ya Kadi kwa miaka kumi na mmoja. Ni kampuni ya zamani. Simu zake unazitia kadi ndogo, na bila kadi hiyo simu ni kipande cha plastiki. Shemeji yake ni wakala wa kampuni mpya ambayo simu zake hazina kadi kabisa. Namba inakaa ndani ya simu yenyewe. Kesho asubuhi wakunga wanne wanakwenda vijijini kukaa huko mwezi mzima, na Mkunga Mkuu lazima aamue leo wabebe simu za nani.

Na Bosi wa Kadi alimwambia Fundi waziwazi: kliniki ikihama, ofisi ya hapa mjini inafungwa, na Fundi atakwenda kulinda mnara ulio mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, ambako jirani wa karibu ni upepo. Mke hapa, watoto hapa, yeye kule. Hilo ndilo lililompandisha darini.

Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo Fundi hakuweza kulimeza. Katika chumba cha kujifungulia, chenye kuta nene za zege, simu ya Shemeji ilionyesha vijiti vinne vya mtandao. Vinne! Fundi alilala na vijiti hivyo, akaamka navyo. Akaona maelezo ni mawili tu: uchawi, au mashine iliyofichwa. Uchawi akaufuta, kwa kuwa unahitaji bidii, na Shemeji anamjua.

Basi akaingia kwa mlango, nywele zimejaa utando wa buibui, amekumbatia kisanduku cha chuma chenye waya mrefu unaoburuta nyuma yake.

"Mabibi na mabwana!"

"Mabwana mko wawili tu," alisema mjamzito mmoja mwenye kanga ya bluu. "Endelea."

"Hiki ni kikuza mawimbi! Kazi yake ni kuchukua mtandao dhaifu na kuufanya ujione una nguvu. Kimefichwa darini, kimechomekwa kwenye umeme wa kliniki, bila ruhusa ya kliniki! Nimekichomoa kwa mikono yangu. Sasa mwulizeni huyu bwana, hiyo teknolojia yake safi ilikuwa inaegemea nini?"

Akakiweka juu ya meza. Vumbi likaruka.

Shemeji alisogea. Aliinama. Akapuliza vumbi lililobaki upande wa mbele, akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesomea darasa la kwanza:

"'Mali ya Kampuni ya Kadi. Usiguse.'"

Fundi alicheka kidogo. Halafu hakucheka.

"Na hapa chini kuna sahihi," Shemeji aliendelea. "Mkia wake umejikunja hivi. Shemeji, hii si ya bosi wako?"

Ilikuwa ya bosi wake. Fundi aliijua sahihi ile kama anavyojua kwikwi ya mwanawe. Na tarehe ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, wiki ile ile aliyotumwa mbali kubadilisha taa ya mnara ambayo, alipofika, aliikuta inawaka.

Akaitoa simu yake mfukoni. Vijiti vilikuwa vitatu. Vikawa viwili. Kikabaki kimoja, kimesimama peke yake kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Nacho kikaondoka.

"Pole, baba," alisema mwenye kanga ya bluu. "Umemkamata kweli."

Fundi alikaa kwenye kiti bila kualikwa. Miaka miwili! Miaka miwili amesimama kwenye harusi, kwenye foleni ya kinyozi, hata msibani mara moja, akiwaambia watu kwamba mawimbi ya Kadi yanapita kwenye zege kama sindano kwenye pamba. Kumbe yalikuwa yanashikwa mkono na kuvushwa.

"Nikirudishe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aa, shemeji, kipumzike," alisema Shemeji. "Kimefanya kazi ya watu wengi."

"Vijijini hakuna dari za kufichia," Mkunga Mkuu alisema, akifunga daftari. "Kijaribiwe kilicho cha kweli. Nyote wawili, chumba cha kujifungulia. Na hapa mimi si mke wa mtu wala dada wa mtu."

"Wewe ni nani?" aliuliza Shemeji.

"Ni mtu mwenye sindano. Twende."

Jaribio lilikuwa jepesi. Kila mmoja ampigie Mama, yaani mama yao Shemeji na Mkunga Mkuu, mkwe wake Fundi, anayeishi ng'ambo ya kilima. Mama ana simu mbili. Moja ya kadi aliletewa na mkwewe, moja isiyo na kadi aliletewa na mwanawe siku tatu baadaye. Huzilaza zote mbili kwenye kitambaa kimoja na haonyeshi upendeleo: huzilalamikia sawasawa.

Fundi alianza. Alisimama katikati ya chumba. Kimya. Alisogea kwenye kona. Kimya. Akapanda kigoda, akafungua dirisha, akatoa mkono wote nje mpaka kwapani.

"Shemeji," Shemeji alisema kwa upole mwingi, "ukitoka kidogo tena hutahitaji simu. Utamwita tu kwa mdomo."

"Simu yako yenyewe haina hata pa kutia kadi! Ikianguka majini, namba inazama nayo. Nani atakutafuta?"

"Na yako? Kadi ina ukubwa wa ukucha. Ilipodondoka kwenye mchanga ukoo mzima ulipiga magoti siku nzima. Mimi nilikuwepo. Nilipata malengelenge."

"Ilipatikana!"

"Na kuku aliyeimeza, alipona?"

Fundi hakutaka kuzungumzia kuku. Kijiti kimoja kilijitokeza dirishani, akabonyeza haraka. Simu ikaita mara moja, ikakata. Akashuka kwenye kigoda akiwa mtu mzima zaidi kuliko alivyopanda.

Shemeji hakusogea hata hatua. Alisimama pale pale katikati ya zege, akapiga, akaweka sauti ya wazi.

"Nani?" Mama aliuliza, na sauti yake ikajaa chumba.

"Mimi, Mama. Unanisikia?"

"Nakusikia kama uko uvunguni kwangu. Uko uvunguni kwangu?"

"Hapana, Mama."

Fundi hakuvumilia. Aliinamia simu ile ya adui. "Mama, shikamoo. Niambie ukweli, mkweo nipo hapa. Hiyo simu haikuchomi sikio?"

"Marahaba. Inanichoma, baba. Inanichoma kwa maneno ya wanaume wawili wanaonipigia kila siku kuniuliza kama ninawasikia. Miezi sita sasa. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kama nimelala vizuri."

Wanaume wote wawili waliangalia viatu vyao.

"Umelala vizuri, Mama?" Shemeji aliuliza.

"Sijambo," alisema Mama, akakata.

Mkunga Mkuu aliandika uamuzi wake akiwa amesimama, daftari limeegemea kitanda. Aliandika kwa mwandiko mzuri, na Fundi aliusoma kichwa chini miguu juu: kliniki itachukua simu zisizo na kadi. Kalamu ilipofika mwisho wa mstari ilisita kidogo. Mkunga Mkuu alikuwa anajua kuhusu ule mnara wa mbali kama anavyojua Fundi. Halafu akaweka nukta.

"Hongera, mdogo wangu," alisema bila kumtazama mumewe. "Bado sharti lako. Umelisoma?"

"Sharti gani?"

"Nililoandika mwenyewe na ukatia sahihi ukiwa unapiga miluzi. Mshindi atafunga antena ya kliniki juu ya mnara wa tangi la maji kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, ili mkunga akipiga kutoka kijijini apatikane mtu. Isipofungwa, uamuzi huu unafutwa na tunabaki na Kadi."

Shemeji akatabasamu. "Mpandaji wetu yuko njiani." Na kama aliyeitwa, mpandaji akapiga. Gari lao lilikuwa limekufa katikati ya safari. Asingefika kabla ya keshokutwa. Ujumbe ulifika safi kabisa, kila neno, bila mkwaruzo.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kamili.

Tuwe wakweli. Fundi alihisi kitu kifuani ambacho mtu mstaarabu hapaswi kukihisi kuhusu ndugu wa mkewe. Katika mji ule wapandaji ni mmoja tu, na mmoja huyo alikuwa amevaa buti pale pale. Hakuhitaji kudanganya wala kuharibu kitu. Alihitaji kukaa tu. Dakika sitini za kukaa, na ofisi haifungwi, watoto hawalii, mnara wa mbali unalindwa na upepo wenyewe.

Akaenda kukaa. Mwenye kanga ya bluu alimpa nafasi benchini.

"Karibu kundini," akamwambia. "Wewe unatarajia lini?"

"Saa kumi na moja," Fundi alijibu, akakunja mikono.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Kupitia dirishani alimwona Shemeji akizunguka mnara wa tangi kama mtu anayetafuta mlango wake. Huyu Shemeji, mjue, alipokuwa shule ya bweni alipewa kitanda cha juu. Alilala juu yake usiku mmoja, ameshika ukuta, na asubuhi akabadilishana na mwenzake kwa viatu vya michezo vipya kabisa. Sasa mtu huyo alikuwa amefunga antena mgongoni kwa kamba ya kuanikia nguo na kuweka mguu kwenye ngazi ya chuma yenye vidato ishirini na sita.

"Anapanda," alisema mwenye kanga ya bluu.

"Hapandi."

"Yuko cha nne."

"Atashuka."

"Cha nane. Cha tisa. Cha kumi. Amesimama. Fundi, ndugu yako amekikumbatia chuma. Naona kama anaongea nacho."

Fundi hakuinuka. Akahesabu mpaka ishirini. Kisha akasikia, kutoka juu kule, sauti nyembamba sana ya mtu mzima ikiita, "Dadaaa."

"Mungu wangu," alisema Fundi, akainuka.

Mkunga Mkuu alikuwa tayari amesimama chini ya ngazi, ameshika mkanda wa kupandia wa mumewe. Alimfunga kiunoni, akavuta kufuli mara mbili kujihakikishia, akarudi nyuma.

Fundi alipanda vidato kumi kwa muda ambao wewe unatumia kupanda kiti.

"Shemeji."

"Nani?" aliuliza Shemeji, macho yamefumbwa.

"Mawimbi ya Kadi. Tumekufikia."

"Usinichekeshe, nitaachia."

"Sikuchekeshi. Fungua mkono wa kulia. Huo si wa kulia. Haya. Nipe hiyo antena, inakuvuta nyuma."

"Ukiichukua utaitupa."

"Shemeji, mimi ni adui yako, si mhuni. Lete."

Antena ikahama mgongo. Fundi akaukamata mguu wa Shemeji na kuuweka kidato cha chini, kisha mwingine, kisha mwingine, huku akimsimulia habari za bei ya nyanya mpaka miguu yote miwili ikagusa ardhi. Wajawazito sita wakapiga makofi. Shemeji akakaa chini na kupapasa majani kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Hapo Fundi angevua mkanda. Uokoaji umekwisha, heshima imebaki, saa bado inakwenda upande wake. Aliinua macho mara moja tu, kwa mazoea.

Juu kabisa, kwenye chuma cha kushikia antena, kulikuwa na nati iliyolegea. Ilikuwa inatetemeka na upepo. Tik, tik, tik.

Ndugu msomaji, kuna watu hawawezi kupita mlango ulio wazi bila kuufunga. Fundi ni wa ukoo huo. Alijiambia anapanda kukaza nati tu, maana inaweza kumwangukia mgonjwa. Akapanda tena, vidato vyote, akachomoa spana, akakaza. Chuma kikatulia. Lakini kilikuwa kitupu, na kitupu kilionekana vibaya. Akajiambia anapachika antena kuona tu kama inaenea. Ilienea. Sasa antena isiyoelekezwa ni sawa na mtu anayezungumza akitazama ukuta, basi akaielekeza. Na waya unaoning'inia ni hatari kwa ndege. Akauunga.

Aliposhituka, zilikuwa zimebaki nati tatu kazi yote iishe. Akakaza moja.

Simu yake ikaita.

Kule juu mnara wa Kadi ulionekana waziwazi upande wa pili wa mji, mnara wake mwenyewe, aliopaka rangi kwa mkono wake. Vijiti vitano. Jina kwenye kioo: Bosi.

"Fundi! Nimesikia mpandaji wao amekwama njiani. Mambo mazuri sana. Zimebaki dakika kumi. Wewe usifanye chochote, umenielewa? Kaa tu."

"Nimekaa, Bosi," alisema Fundi, akikaza nati ya pili.

"Hongera. Hiyo nafasi yako hapa mjini haiguswi. Na kile kisanduku cha darini, kama kuna mtu ameuliza, wewe hukijui."

"Ni kweli, Bosi. Sikukijua."

"Mbona nasikia upepo?" Bosi akauliza.

Fundi aliangalia chini. Mke wake alikuwa ameinua uso, amekinga jua kwa mkono. Wakunga wanne wa kesho walikuwa wametoka na mabegi yao kuangalia. Imebaki nati moja. Inahitaji mizunguko sita, labda saba.

Miaka kumi na mmoja mtu huyu hakuwahi kutamka maneno yanayofuata. Hakuyatamka siku ya radi. Hakuyatamka siku mnara ulipoinama. Alikuwa ameapa kwamba angekufa bila mdomo wake kuyasema kuhusu kampuni yake.

"Halo?" alisema. "Halo, Bosi? Halo? Sikusikii. Mtandao mbovu."

Akaishusha simu, akaishika spana.

"Mtandao gani huo, Fundi?"

Sauti ile haikutoka kwenye simu. Ilitoka chini ya ngazi. Pale, akiwa na tai shingoni na simu bado sikioni, alisimama Bosi mwenyewe, amefika sasa hivi kutia sahihi ushindi wake. Alimtazama fundi wake, akaitazama antena ya watu, akaitazama saa yake.

Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri kando kando kwenye majani, na kuanza kupanda.